Deni la Zamani Halifungi Mlango wa Akiba: Somo la Kuchagua Akaunti

Kila mwaka baada ya mavuno, fedha nyingi huingia vijijini kwa muda mfupi, nazo hutakiwa kuzikimu kaya hadi msimu mwingine. Wapo wanaozipeleka benki, wapo wanaozipeleka kwenye chama cha akiba, na wapo wanaozifungia ndani ya nyumba. Miongoni mwa hao wa mwisho wamo wasiokosa kitambulisho wala wakala wa benki wa karibu. Wanachokosa ni ujasiri. Waliwahi kukopa, wakashindwa kurejesha, na tangu siku hiyo wanaamini kwamba hakuna benki itakayowapokea.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya vikundi vyenye wanachama wa namna hiyo. Linaeleza kwa nini historia mbaya ya mkopo haimzuii mtu kuweka akiba, na namna ya kuchagua akaunti isiyomaliza kidogo alichonacho.

Ichukuliwe mfano wa mama mmoja mkulima wa alizeti. Alikopa shilingi 800,000 za pembejeo. Mvua zikakatika mapema, akarejesha shilingi 300,000 tu, na deni lililobaki likaendelea kuzaa riba. Mwaka uliofuata shamba lilimpa shilingi 600,000. Kwa hofu ya benki alizifunga kwenye mfuko na kuuficha ndani ya debe chini ya kitanda. Shemeji akaja na shida, jirani akaja na msiba, na kila aliyejua kwamba alizeti imeuzwa alikuja na neno lake. Ilipofika Januari, mwanawe akihitaji sare, godoro na madaftari ya kidato cha kwanza, debe lilikuwa na shilingi 40,000. Mama huyo alikwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye mikopo yake watu huiita kausha damu. Hivyo hofu ya deni la kwanza ilimpeleka kwenye deni la pili, lililo zito kuliko lile la kwanza.

Historia ya mkopo ni nini

Benki na taasisi nyingine za fedha nchini hutoa taarifa za wakopaji wao kwenye mfumo wa kumbukumbu unaosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania. Kanuni za mwaka 2012 ziliweka utaratibu wa kampuni binafsi zenye leseni ya Benki Kuu kukusanya na kuchakata taarifa hizo. Mtu anapoomba mkopo, mkopeshaji huangalia taarifa hizo: amewahi kukopa wapi, kiasi gani, alilipa kwa wakati au alichelewa, na kama bado anadaiwa. Kwa kawaida mkopo wa benki uliopitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo chechefu. Mikopo midogo ya simu inayotolewa kwa ushirikiano na benki nayo ina kumbukumbu zake. Mtu hapaswi kudhani kwamba shilingi 20,000 aliyoiacha kwenye laini ya zamani imesahaulika.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa. Kwanza, taarifa hizo zinaweza kuwa na makosa: deni lililokwisha kulipwa lisifutwe, au mtu aandikwe deni lisilo lake. Mhusika ana haki ya kuomba kuona taarifa zake na kudai kosa lisahihishwe. Pili, si kila aliyeharibikiwa aliharibu mwenyewe. Wengi waliingia kwenye orodha kwa sababu walimdhamini ndugu au mfanyakazi mwenzao, naye akahama bila kulipa.

Kuweka si kukopa

Hofu ya wananchi wengi hutokana na kuchanganya mambo mawili yaliyo tofauti. Anayekopa huchukua fedha za benki, na benki ina sababu ya kuuliza kama atazirudisha. Anayeweka akiba huikabidhi benki fedha zake mwenyewe. Hapo benki ndiyo inayodaiwa.

Kwa sababu hiyo, masharti ya kufungua akaunti ya kawaida ya akiba huhusu zaidi utambulisho wa mtu kuliko madeni yake. Sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu inaitaka benki imjue mteja wake. Mteja ataombwa Kitambulisho cha Taifa au namba yake, picha, namba ya simu, na pengine barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa. Akaunti zenye masharti mepesi, ambazo huweza kufunguliwa hata kwa wakala au kwa simu, huishia hapo. Historia ya mkopo huanza kuulizwa mteja anapotaka huduma iliyo ndani yake mkopo, kama vile akaunti ya hundi yenye ruhusa ya kutoa fedha zaidi ya salio.

Swali la kwanza: deni liko wapi?

Kabla ya kulinganisha akaunti, mwenye deni ajiulize anadaiwa na nani. Mikataba mingi ya mikopo huipa benki ruhusa ya kukata deni lake kutoka kwenye akaunti yoyote ya mkopaji iliyomo ndani ya benki hiyo. Aliyeshindwa kulipa mkopo wa benki fulani, kisha akaweka fedha za ada ya mtoto katika benki hiyo hiyo, anaweza kukuta salio limepungua bila yeye kutoa hata shilingi.

Hali ni hiyo hiyo kwenye simu. Mtu anayedaiwa kwenye huduma ya kukamilishiwa muamala pale salio linapopungua, fedha yoyote inayoingia kwenye laini yake hukatwa kwanza kulipa deni. Kuifanya laini hiyo kuwa kibubu cha akiba ni kuweka maji kwenye mtungi uliotoboka.

Ziko njia mbili halali. Ya kwanza ni kwenda kwa mkopeshaji, kueleza hali, na kuomba ratiba mpya ya malipo kwa maandishi, ili ijulikane kiasi gani kitakatwa na lini. Ya pili ni kufungua akaunti ya akiba katika taasisi nyingine huku deni likilipwa kidogo kidogo. Kutenganisha akiba na deni si kulikimbia deni. Mdai bado ana haki ya kudai kwa njia za kisheria, na anayenyamaza huongezewa riba kila mwezi.

Mahali pa kuweka akiba

Akaunti ya akiba ya benki. Ubora wake mkubwa ni usalama. Amana zilizo katika benki na taasisi za fedha zenye leseni ya Benki Kuu ya kupokea amana hulindwa na Bodi ya Bima ya Amana. Tangu mwaka 2023, kiwango cha juu cha fidia ni shilingi 7,500,000 kwa mweka amana mmoja katika benki moja. Kabla ya hapo kilikuwa shilingi 1,500,000. Kinga hii si ya maneno matupu. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki 5 zilizokuwa na upungufu mkubwa wa mtaji, na wateja wake walihitaji kinga hiyo. Mwananchi halipii chochote ili kuipata, kwa kuwa mchango hulipwa na benki.

Akaunti ya muda maalumu. Fedha hufungwa kwa miezi kadhaa na riba huwa kubwa kuliko ya akaunti ya kawaida. Humfaa mwenye kiasi ambacho hatakihitaji kabla ya siku iliyopangwa. Anayevunja mkataba mapema hupoteza riba yote au sehemu yake. Wasiopokea riba kwa sababu ya imani yao waulize akaunti zinazoendeshwa kwa misingi ya sharia, zinazotolewa na baadhi ya benki nchini.

Fedha za simu. Ziko karibu na hazihitaji nauli. Sheria inazitaka kampuni kuweka fedha za wateja kwenye akaunti maalumu za amana katika benki, zikiwa zimetengwa na mali ya kampuni. Udhaifu wake ni wepesi wake. Fedha iliyo kiganjani hutoka kwa kubonyeza namba chache, na makato ya kutuma na kutoa huila taratibu. Simu inafaa zaidi kuwa njia ya kupeleka fedha kwenye akaunti kuliko kuwa ghala.

SACCOS. Mwanachama huwa na hisa na akiba, na hupata haki ya kukopa kwa kuzingatia akiba yake. Kwa aliyeharibikiwa na historia ya mkopo, hapa ni mahali pa kuanza kujulikana upya, kwa kuwa wanachama wenzake humwona akiweka mwezi hadi mwezi. Lakini aelewe mambo mawili: akiba za SACCOS hazimo kwenye kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, na akiba ya anayemdhamini mwenzake inaweza kuzuiwa hadi deni la mwenzake liishe. Aulize kama chama kina leseni inayotolewa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na kama hesabu zake hukaguliwa.

Vikundi vya kijamii. VICOBA na vikundi vya kuweka na kukopa vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo inaviweka katika daraja la nne, na usajili wake hufanyika katika halmashauri. Sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu ni ulinzi mzuri dhidi ya mtu mmoja, lakini si dhidi ya moto wala wezi. Kikundi kilichokusanya kiasi kikubwa kifungue akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja.

Hesabu kabla ya riba

Wananchi wengi huchagua akaunti kwa kuuliza riba. Kwa mwenye akiba ndogo, riba ndiyo jambo la mwisho la kuuliza. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, na viwango vyake si vya benki yoyote.

Mwananchi anaweka shilingi 5,000 kila wiki. Kwa wiki 52 atakuwa ameweka shilingi 260,000.

Akaunti ya kwanza haina makato ya mwezi na inatoa riba ya asilimia 3 kwa mwaka, lakini huduma yake hupatikana kwenye tawi la mjini tu. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 8,000. Akienda mara moja kwa mwezi kupeleka alichokusanya, nauli ya mwaka ni shilingi 96,000. Kwa kuwa salio hupanda polepole, wastani wake kwa mwaka ni kama shilingi 130,000, na riba yake ni shilingi 3,900. Kodi ya zuio ya asilimia 10 ikikatwa, anabaki na shilingi 3,510.

Akaunti ya pili haitoi riba, ina makato ya shilingi 1,000 kwa mwezi, na ina wakala pale kijijini. Kuweka ni bure, kutoa ni shilingi 1,500. Akitoa mara mbili kwa mwaka, gharama yote ni shilingi 12,000 kujumlisha 3,000, yaani shilingi 15,000.

Katika akaunti ya kwanza, baada ya kuondoa nauli na kuongeza riba, anabakiwa na shilingi 167,510. Katika ya pili anabakiwa na shilingi 245,000. Akaunti iliyoitwa ya bure yenye riba imemgharimu shilingi 77,490 zaidi. Kwa mwananchi anayeishi jirani na tawi jibu lingegeuka, na hilo ndilo fundisho lenyewe: akaunti nzuri haijulikani kwa tangazo lake, hujulikana kwa hesabu ya mtu mwenyewe, na mahali anapoishi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinazitaka taasisi kueleza gharama na masharti kwa uwazi. Mteja asione haya kuuliza, hata kama foleni ni ndefu nyuma yake. Aulize:

1. Ni kiasi gani kinahitajika kufungua akaunti, na je, kipo kiasi ambacho lazima kibaki siku zote?
2. Makato ya kila mwezi ni kiasi gani? Kadi inalipiwa? Ujumbe wa simu unalipiwa?
3. Kuweka na kutoa kwa wakala, kwenye mashine na kwa simu ni shilingi ngapi kila njia?
4. Je, ipo idadi ya mara za kutoa kwa mwezi au kwa robo mwaka, na anayezidisha hukatwa nini?
5. Akaunti isipotumika kwa muda gani huhesabiwa kuwa imelala, na kuiamsha kunahitaji nini?
6. Je, akaunti imeunganishwa na mkopo wowote unaoweza kujiwasha wenyewe, na unazimwaje?
7. Mwenye akaunti akifariki, warithi wafuate utaratibu gani?

Majibu yaandikwe kwenye daftari, na karatasi ya viwango vya makato iombwe. Mteja mwenye malalamiko ayapeleke kwanza kwa taasisi yenyewe kwa maandishi na kutunza nakala. Asiporidhika, anaweza kuyafikisha Benki Kuu.

Mitego ya wenye historia mbaya

Mtego wa kwanza ni akaunti ya mtu mwingine. Kwa hofu ya jina lake, mtu huweka fedha katika akaunti ya kaka, shemeji au rafiki. Mbele ya benki fedha hizo ni za mwenye jina. Akifariki, zitaingia kwenye mirathi yake. Akidaiwa, zinaweza kukatwa. Mkikosana, hakuna karatasi ya kuonyesha. Udugu usipewe mzigo ambao akaunti ya shilingi chache ingeweza kuubeba.

Mtego wa pili ni watu wanaodai kusafisha majina kwa malipo. Hakuna dalali mwenye mamlaka ya kufuta deni halali kwenye kumbukumbu. Deni hubadilika kuwa limelipwa pale linapolipwa, na kosa husahihishwa kwa kupitia mkopeshaji aliyelitoa au kampuni inayotunza taarifa hizo. Anayeomba namba ya siri au namba ya NIDA ili asafishe jina ni mwizi.

Mtego wa tatu ni programu za simu zinazokopesha papo hapo bila leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hii husoma orodha ya namba zilizo kwenye simu ya mkopaji, kisha huwatumia jumbe za aibu wakwe, viongozi wa dini na wafanyakazi wenzake. Mwenye deni la zamani ndiye mteja wanayemtafuta, kwa sababu wanajua benki imemkatalia.

Akiba kama njia ya kuaminika tena

Akiba peke yake haifuti historia mbaya. Lakini taarifa ya akaunti inayoonyesha mtu akiweka kidogo kila wiki kwa mwaka mzima ni ushahidi ambao maneno matupu hayawezi kuutoa. Mwenye taarifa hiyo anapokwenda kuomba ratiba mpya ya deni lake, huenda na kitu mkononi. Deni likiisha, aombe barua ya kuthibitisha kwamba amemaliza, kisha afuatilie hadi kumbukumbu zisahihishwe.

Akiba pia hufungua mlango wa fursa za pamoja. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa na vyenye akaunti ya benki. Kikundi chenye wanachama wanaojua kuweka huwa na wanachama wanaojua kurejesha.

Mama wa alizeti, kama angeanza upya, angekuwa na njia ya kupita. Angefungua akaunti nyepesi katika benki isiyomdai, yenye wakala kijijini. Siku ya kuuza mazao, kabla habari haijaenea, angeweka shilingi 450,000, akabaki na shilingi 100,000 za matumizi na kupeleka shilingi 50,000 kwa mkopeshaji wake pamoja na ombi la ratiba mpya. Shemeji angekuja, na jirani angekuja, naye angewapa kwa kadiri ya kilichopo nyumbani. Na Januari mtoto angekwenda shule na godoro lake, bila mama kupita kwa mkopeshaji wa kausha damu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini kufungua akaunti ya akiba ni tofauti na kuomba mkopo?
2. Mwanachama anadaiwa na benki iliyo karibu na kijiji. Mngemshauri aweke wapi fedha za ada ya mtoto, na afanye nini kuhusu deni?
3. Fanyeni hesabu ya gharama za mwaka kwa akaunti mbili zinazopatikana katika kata yenu, mkijumlisha nauli.
4. Sanduku la kikundi linapaswa kufikisha kiasi gani kabla fedha hazijapelekwa benki?

Wananchi na vikundi vinavyohitaji ufafanuzi au utaratibu wa usajili wanashauriwa kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Halmashauri haipendekezi benki wala kampuni yoyote. Uamuzi ni wa mwananchi mwenyewe, baada ya kuuliza na kupiga hesabu.